Mbolea Hununuliwa Wakati wa Mavuno

Mwaka 2019 Tuzo ya Nobel ya uchumi ilikwenda kwa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer. Sehemu ya kazi iliyowajengea jina Duflo na Kremer ilifanyika Busia, magharibi mwa Kenya, kwenye mashamba ya mahindi. Swali lao ni lile ambalo kila bwana shamba ameshajiuliza: mkulima anajua mbolea inalipa, anasema atanunua, mbona hanunui?

Kwamba inalipa halikuwa jambo la kubahatisha. Walipima kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo kilileta faida ya wastani wa asilimia 36 kwa msimu mmoja. Wala si kwamba lazima ununue mfuko mzima. Dukani wanapima hata kidogo kidogo. Wakulima walioshiriki majaribio hayo waliulizwa kama watatumia mbolea msimu unaofuata. Karibu wote walisema ndiyo. Waliotumia kweli hawakufika wanne kati ya kumi.

Mtu wa semina akisikia hivyo ataagiza semina nyingine. Mimi naona hapo elimu ilikwisha kufanya kazi yake. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002, alionyesha pamoja na mwenzake Amos Tversky kwamba binadamu hakosei ovyo ovyo. Makosa yake yana mkondo unaoweza kutabirika. Mkondo wa Busia ulikuwa huu: mavuno yakiuzwa pesa ipo, lakini mbolea ni ya miezi ijayo, kwa hiyo safari ya dukani inasogezwa hadi wiki ijayo. Wiki ijayo ina ada ya shule. Inayofuata ina msiba, halafu mchango wa harusi. Mahindi yanapofika wakati wa kukuziwa, mfukoni hamna kitu.

Kwa hiyo Duflo, Kremer na mchumi mwenzao Jonathan Robinson wakabadilisha wakati wa kuuza badala ya bei. Mara tu baada ya mavuno, ofisa alimtembelea mkulima nyumbani na kumuuzia hati ya mbolea kwa bei ya kawaida, na mbolea ikaletwa bure baadaye. Asiye na fedha taslimu aliweza kulipa kwa mahindi. Matumizi ya mbolea yakapanda kwa kati ya asilimia 47 na 70. Kuletewa bure huko huko, kulipotolewa wakati wa kukuzia, hakukusaidia kitu cha maana. Ili kupata matokeo yanayokaribiana wakati huo, ilibidi bei ipunguzwe kwa nusu.

Kuna kipande kinachonifurahisha zaidi. Wakulima wengine waliulizwa kabla ya mavuno: ofisa aje lini? Karibu nusu walisema aje mara baada ya kuvuna, ingawa wangeweza kukaa na pesa yao kwa miezi. Walijijua.

Ila kujifungia pesa ili usiitumie nako kuna kipimo chake. Mchumi Pascaline Dupas na Robinson, huko huko magharibi mwa Kenya, waliwapa wanachama wa vyama vya kuchangiana masanduku ya kuwekea akiba ya afya. Wengine walikaa na ufunguo. Kwa wengine ulishikwa na ofisa. Sanduku la kawaida liliongeza matumizi ya kinga kama vyandarua kuliko lile la ufunguo wa mbali. Inaeleweka: mtoto akishikwa na homa usiku, nani atamtafuta ofisa?

Basi ukiuza mahindi, korosho au pamba, nenda kwa muuza pembejeo siku hiyo hiyo, kabla hujafika nyumbani. Kama hutaki kuhifadhi mbolea ndani, lipia na udai risiti yenye aina, kilo na tarehe ya kuchukua. Mwenye mshahara aombe makato ya akiba yakatwe kabla pesa haijaingia kwenye simu, na kiasi kidogo cha dharura kibaki kwenye kibubu ambacho ufunguo wake anao mwenyewe. Na mkopo wa simu unaotoka kwa kubonyeza mara mbili? Waliouunda wameyasoma haya yote. Soma riba yake asubuhi, si usiku.