Picha isiyo na jina

Madaktari wanafunzi wanapokuja kwangu kujifunza kusoma picha za MRI za ubongo, siku ya kwanza huwapa zoezi moja. Nafunika jina la mgonjwa, umri na jinsia, unabaki ubongo peke yake kwenye skrini: mikunjo yake, vyumba vya maji katikati, na lile daraja la nyuzi nyeupe linalounganisha nusu ya kulia na ya kushoto. Kisha nauliza: huyu ni mwanamume au mwanamke?

Wanasogea karibu. Wanapandisha vipande vya picha, wanashusha. Hakosi mmoja wa kutaja umbo la fuvu, basi na fuvu nalo nalifunika. Kuanzia hapo ni kubahatisha. Nimesoma picha hizi miaka mingi, na hata mimi siwezi kukuapia.

Nalieleza hili kwa sababu naulizwa mara kwa mara kama ni kweli ubongo wa mwanamume na wa mwanamke ni vitu viwili mbalimbali. Tofauti zipo, wala sipendi kuona mtu akizikana. Ila si zile zinazosimuliwa.

Iliyo wazi kuliko zote ni ukubwa wenyewe. Kwa wastani, ubongo wa mwanamume huuzidi wa mwanamke kwa takriban asilimia 11. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, wenye picha za watu zaidi ya 5,000, uliona hivyo tena waziwazi. Sehemu ya sababu ni mwili: aliye na umbo kubwa huwa na moyo mkubwa, mapafu makubwa, na ubongo vilevile. Na huo ni wastani tu. Kama ilivyo kwa urefu, wapo wanawake wengi waliowapita wanaume kadha wa kadha.

Ukubwa huu ndio uliotuletea balaa. Katika karne ya 19 kule Paris, daktari Paul Broca alipima bongo za maiti: za wanaume 292 zikatoa wastani wa gramu 1,325, za wanawake 140 zikatoa gramu 1,144. Alijua fika kwamba mwili mdogo huja na ubongo mdogo. Hata hivyo hakujishughulisha kupima athari hiyo, kwa kuwa alikwishaamini kwamba wanawake wana akili pungufu. Mwaka 1887 mwanasayansi George Romanes wa Uingereza akazungumzia wakia tano zinazopungua kwa mwanamke, kana kwamba akili hupimwa kwa mizani. Helen Hamilton Gardener, Mmarekani aliyepigania haki za wanawake, alimjibu hoja kwa hoja daktari William Hammond, aliyekuwa na madai ya aina hiyo hiyo, kisha akausia ubongo wake kwa Chuo Kikuu cha Cornell ili uchunguzwe. Alifariki mwaka 1925, na wosia ukatekelezwa.

Kuhusu mizani yenyewe, mifano miwili inanitosha. Ubongo wa mwandishi Ivan Turgenev ulikuwa na gramu 2,012. Wa Anatole France, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1921, ulikuwa na gramu 1,017 tu. Wote wanaume, wote mabingwa wa kalamu, na mmoja ana karibu nusu ya ubongo wa mwenzake.

Sasa nirudi kwenye lile daraja jeupe, maana nalitazama kila siku. Mwaka 1982 ilichapishwa makala iliyodai kwamba sehemu yake ya nyuma ni pana zaidi kwa wanawake. Habari ikaenea kwa kasi: kumbe ndiyo maana wanawake huunganisha hisia na maneno! Bongo zilizopimwa zilikuwa 14, basi. Mwaka 1997 watafiti wawili walikusanya tafiti 49 za aina hiyo na hawakuiona tofauti iliyodaiwa. Ule msemo wa nusu mbili kuzungumza zaidi kwa wanawake, lakini, bado unarudiwa hadi leo. Kukanusha hakusafiri kwa mwendo wa uvumi.

Mwaka 2015 mtafiti Daphna Joel na wenzake walichambua picha za bongo zaidi ya 1,400. Walichukua zile sehemu zinazotofautiana zaidi kati ya jinsia, wakauliza swali zuri: je, mtu mmoja huwa "wa kiume" au "wa kike" katika sehemu zote hizo? Wachache mno walikuwa hivyo. Wengi walikuwa mchanganyiko: sehemu hii inaelekea huku, ile kule, nyingine katikati. Wapo waliopinga, wakaonyesha kwamba kompyuta ikipewa vipimo vyote kwa pamoja hukisia jinsia na kupatia mara nyingi. Ni kweli. Lakini ukiondoa athari ya ukubwa wa kichwa, uhodari huo hupungua sana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichokuwa kikisomwa ni ukubwa ule ule.

Ukitaka kuona tofauti ya kweli ya ubongo wa dume na jike, mtazame chiriku. Mwaka 1976 iligunduliwa kwamba sehemu za ubongo zinazotawala wimbo ni kubwa mno kwa dume, ambaye ndiye mwimbaji. Pale huhitaji kompyuta. Kwa binadamu kipo kifungu kidogo cha seli ndani ya haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, ambacho kwa wastani ni kikubwa kwa wanaume, lakini ni kidogo kiasi kwamba kwenye picha zangu za kawaida hakionekani. Juu ya hayo, ubongo hujengwa na matumizi: mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba madereva wa teksi wa London wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na kujua njia, iliyo kubwa kuliko ya watu wengine. Ukikuta tofauti kwa mtu mzima, hujui bado kama alizaliwa nayo.

Kinachoniuma ni kwamba wakati tunabishania nani anajua ramani na nani anajua kuongea, magonjwa yana jinsia na hatujayasoma vya kutosha. Sonona na kipandauso huwapata wanawake kwa takriban maradufu au zaidi. Ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, na usonji huonekana zaidi kwa wanaume. Na bado, uchambuzi wa mwaka 2011 ulikuta kwamba katika tafiti za ubongo zilizotumia wanyama wa jinsia moja, zilizotumia madume zilizidi za majike kwa mara 5.5.

Ndiyo maana zoezi likiisha, nafunua jina na jinsia kabla hatujaanza kazi. Kuna picha moja huwaonyesha baada ya hapo. Mwanamke kijana, wiki mbili baada ya kujifungua, kichwa kinamuuma kwa siku nne. Ubongo wenyewe unaonekana salama, na mwanafunzi yuko tayari kuandika "hakuna tatizo". Namwambia arudi nyuma, afuate mshipa mkubwa unaorudisha damu, ule unaopita juu katikati ya kichwa. Damu kuganda humo huwapata wanawake karibu mara tatu zaidi, hasa wajawazito, waliojifungua karibuni na wanaotumia baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Anapandisha vipande polepole, kimoja kimoja, mpaka analiona: doa jeupe mahali ambapo damu ilipaswa kupita.