Lokesheni si mandhari, wala si mahali pa tukio

Lokesheni ya filamu ni mahali halisi, nje ya studio, kamera iliposimama na waigizaji wakaigiza. Basi. Si pale hadithi inapodaiwa kutokea, wala si pale tukio la kweli lilipotokea. Hata hivyo, ukiwa kwenye boti ya Paraa kuelekea maporomoko ya Murchison, Uganda, hukosi abiria wa kukuarifu kwamba hapa ndipo kisa cha filamu ya The African Queen kilipotokea. Ukifika Entebbe, mwingine atakuonyesha upande wa uwanja wa ndege wa zamani na kuapa kwamba filamu zote za uvamizi wa 1976, makomando wa Israeli walipowakomboa mateka, zilipigwa pale. Wote wawili wamekosea, ila kila mmoja kwa namna yake.

Chanzo cha vurugu ni neno lenyewe. Kampala, mwenye boda akikuambia "nitumie lokesheni," anataka alama kwenye ramani ya simu. Mkenya wa kijijini alilijua kwanza kama eneo la chifu. Afrika Kusini lilikuwa mtaa waliotengewa watu weusi pembeni mwa mji. Wote walilitoa kwenye Kiingereza, nacho kikalitoa kwenye locus ya Kilatini, yaani mahali. Watu wa filamu ndio waliolibana: kwao lokesheni ni kinyume cha studio. Ukijenga ukuta wa mbao na rangi ndani ya ghala, hiyo ni seti. Seti yaweza kujengwa kwenye lokesheni, lakini haigeuki kuwa lokesheni.

Wapenda Kiswahili sanifu huliona neno hilo la mkopo kuwa na ukakasi, wakakimbilia mandhari: "tulitembelea mandhari ya filamu." Hapo ndipo mambo yanapoharibika zaidi, ingawa kosa lao lina mantiki yake. Mandhari limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wa kutazama. Ndugu yake ni nadharia, jambo linalotazamwa kwa akili. (Nadhiri si ndugu yao. Mzizi wake una sauti nyingine kabisa, ni Kiswahili kilichozivika sauti mbili vazi moja la dh.) Na ile ma- ya mwanzo si ma- ya mawe na mayai. Ni ile ya maktaba, mahakama na madrasa, inayotaja mahali kitendo kinapofanyika. Kwa asili, basi, mandhari ni mahali macho yanapotua. Mtu aweza kuuliza: je, si hapohapo kamera ilipotazama?

Hoja nzuri, ila imechelewa. Walimu wa fasihi walilichukua neno hili zamani, na mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anajua kwamba mandhari ya riwaya ni mahali na wakati wa hadithi, hata kama mahali hapo hapapo duniani. Ukilitumia kwa maana ya mahali pa kupigia picha, unabaki bila neno la kutofautisha vitu viwili ambavyo mara nyingi viko nchi mbili tofauti.

The African Queen, filamu ya 1951, ndiyo ushahidi bora. Mandhari yake ni Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914, nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Lokesheni zake ni Butiaba kwenye Ziwa Albert, Mto Nile chini ya Murchison, na Mto Ruiki huko Kongo. Kwa hiyo Uganda iliigiza Tanganyika. Matukio ambayo waigizaji wakuu, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, wanaingia majini wenyewe yalipigwa ndani ya tangi la studio Uingereza, kwa kuwa maji ya huku yalihofiwa kwa magonjwa. Tangi hilo si lokesheni wala si mandhari. Halafu kuna meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa na Wajerumani kwa jina la Graf von Götzen, inayotajwa kuwa chimbuko la meli ya kivita iliyomo kwenye hadithi. Hiyo nayo ni chimbuko tu. Na ukiitaka mashua yenyewe ya African Queen iliyotumika kwenye filamu, iko Key Largo, Florida.

Entebbe kosa ni la aina nyingine. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai 1976 mateka walikombolewa pale kweli, hivyo ni mahali pa tukio. Lakini ukitazama uwanja ulio katika 7 Days in Entebbe ya 2018, unatazama Malta. The Last King of Scotland ya 2006, inayomhusu Idi Amin, kinyume chake, ilipigwa kwa sehemu kubwa hapa Uganda. Queen of Katwe ya 2016 inakaribia kuyakutanisha yote, maana maisha ya kweli, hadithi na kamera vyote viko Katwe, mtaa wa Kampala, lakini hata hiyo ina sehemu zilizopigwa Johannesburg.

Anayetaka kuhakikisha asianze na mwongoza watalii. Aanze na majina ya mwisho wa filamu, yale tunayoyakatiza kwenye kibanda cha video, ambapo nchi na mamlaka zilizotoa vibali hutajwa. Kisha asimamishe picha na kutafuta kisichohama: mgongo wa kilima, mnara wa msikiti, kona ya barabara. Rangi ya ukuta na mabango haviaminiki, hubadilika kila mwaka. Kivuli ni shahidi mzuri zaidi. Kampala jua hufika juu kabisa karibu saa saba kasoro dakika kumi mchana, na saa hiyo kivuli hakifiki nusu ya urefu wa mtu, mwezi wowote ule. Mwezi wa sita huangukia kusini, wa kumi na mbili kaskazini. Mkiambiwa ni saa saba mchana Kampala na kivuli kinamzidi mtu urefu, shukuni.

Ukishafika penyewe, usishangae kilima kikionekana kidogo na cha mbali. Wapiga picha wa filamu mara nyingi husimama mbali na kutumia lenzi ndefu, ndiyo maana kilima huonekana kimeegemea mgongo wa mwigizaji. Kamera kuu ya simu hutazama mapana. Rudi nyuma kwanza, kisha kuza mara mbili au tatu. Kukuza tu bila kurudi nyuma hakubadilishi uwiano wa vitu. Na Entebbe, upande wa uwanja wa zamani kuna jeshi, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kutoa simu mfukoni.

Kwa yule abiria wa boti, hakuna haja ya kumwaibisha. Mwambie tu: hapa walipigia picha, mzee, kisa chenyewe walikiweka Tanganyika.