Ngoro: jinsi Wamatengo wanavyolima mteremko bila kuupoteza udongo

Ngoro ni mfumo wa kilimo wa Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Shamba la mlimani hugawanywa miraba kwa matuta yanayokutana, na katikati ya kila mraba hubaki shimo. Mgeni huona mashimo kwanza. Mkulima hutazama matuta, maana mazao hukaa juu yake, na ndani ya kila tuta zimefukiwa nyasi ambazo shamba litazila taratibu kwa miaka miwili.

Milima ya Matengo haina huruma na mkulima mvivu. Mashamba mengi yako kwenye mteremko wa asilimia 35 hadi 60, yaani ukienda mbele mita 10 umepanda mita tatu na nusu mpaka sita. Mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na hushuka kwa nguvu. Katikati ya karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma watu wengi kuishi juu milimani, ardhi ikawa finyu. Hapakuwa tena na nafasi ya kuliacha shamba lililochoka na kufyeka jingine. Ilibidi udongo uleule uliopo ulishwe.

Kazi huanza mwezi Machi, mvua zikikaribia mwisho. Wakati huo udongo ni laini, nyasi za shamba lililopumzishwa zimerefuka na bado ni mbichi, na unyevu uliobaki ardhini unatosha kuivisha maharage. Kwa desturi wanaume ndio hufyeka, kwa nyengo au panga. Nyasi zikinyauka kwa siku kadhaa hupangwa ardhini kwa mistari: mingine inashuka na mteremko, mingine inaukata mteremko, ikiachana karibu mita mbili. Kisha huja kazi ya wanawake, ambayo kwa kweli ndiyo nzito zaidi. Wanasimama ndani ya kila mraba, wanachimba udongo wa katikati kwa jembe la mkono na kuurushia juu ya nyasi pande zote nne mpaka zifunikwe kabisa. Shimo linalobaki huwa na upana wa mita moja hadi moja na nusu, na kina hutofautiana sana kulingana na udongo na mteremko, kuanzia sentimita 10 hadi 50. Maharage humwagwa juu ya matuta na kufunikwa kwa udongo mwembamba unaotoka shimoni.

Maharage huvunwa katikati ya mwaka. Mvua mpya zikianza, mahindi hupandwa juu ya matuta yaleyale. Yakishavunwa, shamba hupumzika mpaka Machi inayofuata, nyasi ziote tena, na mzunguko uanze upya. Mpangilio huu wa maharage kwanza na mahindi baadaye una sababu. Nyasi zilizofukiwa karibuni zikianza kuoza, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoziozesha huchukua kirutubisho cha naitrojeni kilichomo kwenye udongo. Mahindi yangepandwa wakati huo yangegeuka manjano. Maharage hujitengenezea sehemu ya naitrojeni yake kwenye mizizi, hivyo huvumilia. Miezi minane baadaye nyasi zimelainika kuwa mboji, na mahindi hukuta chakula kiko tayari.

Shimo lina kazi zake. Chukua shimo la mita moja kwa mita moja lenye kina cha sentimita 25: likijaa linashika lita 250. Mashimo yakiwa mita mbili kutoka kitovu hadi kitovu, ekari moja ina kama 1,000. Mlimani halijai lote, kwa sababu maji humwagikia upande wa chini kabla ya kufika ukingo wa juu, lakini hata nusu yake ni maji mengi ambayo yangeshuka yakikokota udongo. Yanatulia, yanazama polepole, na tope lake linabaki shimoni pamoja na magugu ya palizi na mabua yanayotupwa humo. Mzunguko ukirudi, matuta mapya huhamishwa: palipokuwa na shimo panapita tuta, na mashimo yanachimbwa penye matuta ya zamani. Baada ya mizunguko michache shamba zima limegeuzwa na kulishwa, bila udongo kuondoka mlimani.

Ngoro huharibika kwa njia zinazojulikana. Kubwa kuliko zote ni kukosa nyasi. Familia ikiongezeka na eneo likabaki lilelile, muda wa kupumzisha shamba hufupishwa, nyasi zinazoota ni chache, na tuta linakuwa udongo mtupu. Tuta la namna hiyo hulainika kwa mvua na kubomoka. Moja likibomoka upande wa juu, maji yake hulivamia la chini yake, nalo linazidiwa, na katika mvua moja kunaweza kufunguka mfereji unaoshuka mpaka bondeni. Kuchoma moto nyasi badala ya kuzifukia huleta tatizo lilelile kwa haraka zaidi. Kosa jingine ni kuchelewa: ukichimba mwezi Aprili mwishoni, maharage huota vizuri kisha yanakaukiwa kabla ya kujaza maganda. Kukwepa kuhamisha matuta nako kunapunguza nguvu, kwa sababu rutuba yote ya mashimoni inabaki bila kutumika.

Inafaa kulinganisha na yaliyotokea milima ya Uluguru, Morogoro. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta mapana ya ngazi. Udongo wenye rutuba kule ni tabaka jembamba. Kuchimba ngazi kulileta juu udongo wa chini usiozaa, watu wakafanya kazi nyingi na kuvuna kidogo, na mwaka 1955 kukatokea ghasia, mpango ukaachwa. Pale mlima ulionekana kama umbo la kurekebishwa. Ngoro haibadilishi umbo la mlima. Inakwangua udongo wa juu tu, inauchanganya na nyasi na kuuacha palepale.

Ngoro pia haitengani na namna Wamatengo wanavyoigawa nchi yao. Ntambo ni mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili, na kwa desturi huwa wa ukoo mmoja: nyumba, kahawa, mashamba ya ngoro na miti vyote vimo humo. Anayelima vibaya sehemu ya juu anamwagia tope ndugu yake aliye chini, na wote wawili wanachota maji kijito kimoja.

Anayetaka kujaribu mahali pengine aangalie mambo matatu: udongo uwe na kina na upitishe maji, nyasi ziwepo za kutosha, na mikono ipatikane Machi, maana ekari moja ni siku nyingi za jembe. Kwenye tambarare ya mfinyanzi mashimo hutuama maji na kuozesha mizizi. Huko matuta ya kawaida yanafaa zaidi.