"Mungu hakupi mzigo usiouweza", mbona Biblia haisemi hivyo

Huku Mwanza ukienda msibani, iwe Igoma au Kirumba, lazima utasikia mtu anamwambia mfiwa "jikaze, Mungu hakupi mzigo usiouweza", na wengi tunajua kabisa ni mstari wa Biblia. Sio. Unaokaribia ni 1 Wakorintho 10:13, ila pale Paulo anaongelea vishawishi vya dhambi, sanamu na uzinzi, hagusii kufiwa. Tena huyohuyo Paulo kwenye 2 Wakorintho 1:8-9 anasema kule Asia walilemewa kupita nguvu zao mpaka wakakata tamaa ya kuishi, ili wasijitegemee wenyewe bali wamtegemee Mungu anayefufua wafu. Yani mzigo uliwashinda kabisa, na kumtegemea Mungu kukaanzia hapohapo.

Mi huwa nafikiria waliopoteza watu meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria 21 Mei 1996, wengine ndugu wawili watatu siku moja, nani aliuweza mzigo ule? Zaburi ya 88 inalia mwanzo mwisho na inaishia gizani, hakuna aliyeifuta. Kwahiyo ndugu zangu mfiwa akimlalamikia Mungu msimkatishe jamani, mwacheni aongee nae, nyie kaeni nae tu.