"Get" sio neno la kihuni

Kwenye magrupu ya Waukraine wanaojifunza Kiingereza kuna meseji haiishi kuzunguka, eti "get" ni neno la mtaani, maana yake kupokea tu, ukiandika kitu cha maana weka "receive" kila mahali. Sio kweli jamani. Kitenzi hiki kiliingia Kiingereza tangu zama za kati kutoka lugha ya Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, na kinabeba kupata, kufika, kuwa, hadi kuelewa, ndo maana "it's getting dark" ukichomeka "receive" inakuwa vichekesho. Kinachowachanganya ni kwamba kwa Kiukraine maana hizi zina vitenzi tofauti, kupokea ni otrymaty, kufika ni distatysia, na giza likianza kuingia wanasema temniie, neno moja limeisha. Halafu walimu wa mitihani hushauri usirudierudie "get" kwenye insha, ushauri mzuri tu, ila huko njiani umegeuka marufuku. Kucheki ni rahisi, fungua kamusi nzuri ya wanafunzi, alama ya lugha isiyo rasmi utaikuta kwenye maana chache kama ile ya kuelewa, sio kwenye kupata. Ikikufikia tena usiiforwadi, mrushie aliyeileta ukurasa wa kamusi.