Unaenda semista moja Ujerumani? Anza kwa mkuu wa idara, sio ubalozini

Tangu dirisha la maombi ya kubadilishana wanafunzi lifunguliwe wiki mbili zilizopita simu za ofisi yetu hazipoi, na karibu zote zinauliza visa. Visa inachukua muda gani, visa shilingi ngapi, eti kuna mtu Kariakoo anaisukuma ikatoka haraka. Na hapohapo mezani kwangu kuna rundo la malalamiko ya wanafunzi waliokwenda mwaka jana, visa walipata bila tabu, wakasoma, wakafaulu, wakarudi, na sasa idara zao zinawaambia yale masomo hayahesabiki. Hao ndio walionifanya nikae niandike. Naandika kama afisa wa kitengo cha ushirikiano wa kimataifa cha chuo cha umma, sio msemaji wa ubalozi wowote, kwa hiyo mambo ya visa mtayahakikisha kwao wenyewe kabla hamjalipa hata senti.

Sasa tuelewane. Mpango huu sio skolashipu ya kwenda kusoma digrii nje. Wewe unabaki mwanafunzi wa hapa, namba yako ya usajili ni ileile, unaenda kusoma kipande cha digrii yako kwenye darasa la wenzako alafu unarudi kumalizia. Ndio maana ada unalipa hapa. Narudia maana hili ndilo linalotugombanisha na wazazi kila mwaka: ada unalipa hapa, kule hulipi ada, na mwanafunzi wao akija kwetu analipa kwao. Mzee mmoja alinipigia akaniuliza kwa nini mwanae alipie darasa ambalo hayumo. Nikamwambia mzee wangu, kwenye kiti cha mwanao amekaa kijana wa Kijerumani na sisi hatujamtoza kitu. Akacheka, akalipa.

Na kwa kuwa nafasi ni za makubaliano kati ya chuo na chuo, hakuna wakala anayeweza kukuuzia. Chuo kinatangaza, unaomba, unasailiwa, chuo kinapeleka jina lako kule, ndipo chuo cha kule kinakuandikia wewe. Ukiona mtu anakuomba hela ya "kushika nafasi" ya Erasmus+, ule mpango wa Umoja wa Ulaya unaofadhili kubadilishana wanafunzi, huyo anakula hela yako tu, na tafadhali msije kulia kwetu maana hatuna pa kumpata.

Twende kwenye karatasi yenyewe. Inaitwa mkataba wa masomo na inasainiwa na watu watatu: wewe, chuo chako, chuo kinachokupokea. Ina jedwali mbili. Jedwali A unaandika masomo utakayosoma kule, jedwali B unaandika masomo ya hapa ambayo yale ya kule yanachukua nafasi yake. Wanafunzi wengi wanajaza A kwa furaha sana, wamechagua masomo yenye majina matamu, alafu B wanaiacha wazi au wanaandika "elective", yaani somo la kuchagua, wakitegemea kwamba wakirudi mkuu wa idara atawaonea huruma. Hatakuonea huruma, na hata akitaka hawezi, kwa sababu matokeo yanapita bodi ya idara, yanapanda kitivoni mpaka seneti, na kule juu swali ni moja tu, hili somo linasimama badala ya lipi na nani aliridhia kabla. Jedwali B ikiwa wazi jibu hakuna, na wewe una deni la semista nzima. Mwenzako anavaa joho wewe bado uko darasani na waliokuwa nyuma yako.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote chukua maelezo ya masomo ya kule, sio jina tu, maelezo kamili yenye mada, saa na namna ya mtihani, yachapishe, uende nayo kwa mkuu wa idara ukakae naye. Somo ambalo ni la lazima kwenu na kule halipo, mliseme hapohapo, utalisoma lini. Na uulize kama somo linafundishwa kwa Kiingereza, maana tovuti ya chuo inaweza kuwa Kiingereza kitupu na darasa likawa Kijerumani mwanzo mwisho.

Alafu kuna krediti, na hapa hata walimu wetu wanachanganya. Kwenye mfumo wetu unaosimamiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mzima wa digrii ya kwanza ni krediti 120. Kwa Wazungu mfumo wao ni ECTS, yaani krediti za vyuo vya Ulaya, mwaka ni krediti 60, semista 30, na krediti 1 ni saa 25 mpaka 30. Ukilinganisha mwaka kwa mwaka, krediti moja yao ni mbili zetu. Ukilinganisha saa kwa saa, moja yao inakuwa mbili na nusu mpaka tatu zetu. Ipi sahihi? Ofisi yangu haina mamlaka ya kuamua, kila idara ina msimamo wake, na ndio maana nasema muandikishiane kabla hujapanda ndege kwamba somo fulani la ECTS 6 litaingia kama krediti ngapi. Ukienda na ahadi ya mdomo utarudi umkute mkuu wa idara mwingine, vyeo hivi vinabadilika.

Maksi nazo. Ujerumani 1.0 ndio ya juu kabisa, 4.0 ni mwisho wa kufaulu, 5.0 umefeli. Sisi huku GPA, wastani wa maksi zako, ya 5.0 ndio kilele na daraja la kwanza linaanzia 4.4. Sasa fikiria karani wa mitihani amepokea transkripti ya mtoto aliyepata 1.3, ambayo kule ni kazi safi sana, yeye anaisoma kwa macho ya Kitanzania anaona mtu wa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Imetokea, na kuirekebisha ilichukua vikao viwili. Hakikisha transkripti inakuja na ukurasa unaoeleza ngazi za maksi, na kama haina iombe kabla hujaondoka kule, ukisharudi barua pepe zako zitajibiwa kwa foleni.

Na huo mtihani wenyewe usidhani unajipeleka. Kwenye vyuo vingi vya Ujerumani kukaa darasani hakukufanyi kuwa mtahiniwa, unajiandikisha mtihani mtandaoni kwa kila somo ndani ya tarehe zao, tarehe ikipita imepita, hakuna kumbembeleza mhadhiri. Tena masomo mengi hayana koswaki, zile maksi za kazi na majaribio ya katikati ya semista, ya kukuokoa, mtihani mmoja wa mwisho ndio maksi zote. Duru ya pili kwenye baadhi ya masomo inaangukia Machi au Aprili ukiwa umesharudi, kwa hiyo mahesabu ya "nitasapu", yaani nitarudia mtihani, yaacheni huku.

Kalenda ni sababu mojawapo inayonifanya niwashauri Ujerumani kuliko nchi za Skandinavia, ingawa sio kazi yangu kuwachagulia. Semista yao ya baridi masomo yanaanza katikati ya Oktoba yanaisha Februari, ya joto yanaanza Aprili mpaka Julai, inakaribiana na yetu. Sweden semista ya vuli inaanza mwisho wa Agosti, yaani uko fildi bado, kwenye mafunzo kwa vitendo, na ya pili inaanza katikati ya Januari ambapo UE zetu, mitihani ya mwisho, za semista ya kwanza hata ratiba haijatoka. Inawezekana kwenda, ila unaomba mtihani maalumu mapema kwa barua, sio unapotea alafu unatuma meseji ukiwa Stockholm.

Wenye mkopo, Bodi ya Mikopo haijui kama umesafiri mpaka uiambie kupitia afisa mikopo wa chuo. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, linafuata usajili na kusaini, asiyesajiliwa na asiyesaini hapati, haijalishi yuko Munich au yuko Mbagala. Msijaze fomu ya kuahirisha masomo!! Kubadilishana sio kuahirisha, ukiahirisha unajiondoa mwenyewe kwenye orodha ya wanafunzi hai na hapo hata uhalali wa kwenda kama mwanafunzi wetu unaisha.

Haya, visa, najua wengine mmeruka mpaka hapa.

Visa ya Schengen ya kawaida, ile ya nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, aina C, mwisho wake siku 90 ndani ya siku 180. Semista inazidi hapo, kwa hiyo unaomba visa ya taifa, aina D, ada yake yuro 75. Usiombe C kwa sababu jirani yako aliipata haraka, ukishaingia nayo huwezi kuigeuza kirahisi kuwa ya masomo, utaambiwa rudi kwenu ukaombe upya. Ukikaa baada ya muda wako kuisha ni kosa, unaweza kuondolewa na kufungiwa kuingia nchi zote za Schengen, sio Ujerumani peke yake, na marufuku hiyo kwa kawaida inaweza kufika miaka 5. Kuna uvumi kwamba mfumo mpya wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso mpakani, ulioanza 12 Oktoba 2025, unawahusu wenye visa D. Sio kweli, mfumo huo ni wa wageni wa muda mfupi. Ila isikupe kichwa, tarehe kwenye visa yako inasomeka vilevile.

Zamani ukinyimwa visa ya Ujerumani ulikuwa unaandika barua ya kupinga, ubalozi unaangalia tena, bure. Utaratibu huo umefutwa kuanzia 1 Julai 2025. Sasa ukinyimwa unaomba upya na kulipa upya, au unafungua kesi mahakama ya utawala ya Berlin, na sijui ni mwanafunzi gani wa mwaka wa pili atamudu wakili wa Berlin. Maana yake faili liende limekamilika mara ya kwanza. Taarifa ya benki ya kughushi, barua ya mdhamini ya kutungwa, hivyo vinaua ombi, vinakufuata kwenye maombi mengine, na chuo kikijua unapelekwa kamati ya nidhamu, kufukuzwa kumo ndani ya adhabu. Nasema hivi kwa upendo lakini nasema.

Kinachochelewesha watu wengi hata sio ubalozi, ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cheti cha kidato cha nne Mohamed, NIDA wameongeza la babu. Pasipoti inataka hivyo vyote vikubaliane, na pasipoti yenyewe ni shilingi 150,000 na inakaa miaka 10, kwa hiyo ianze sasa hata kama hujajua utachaguliwa, haitaoza.

Upande wa hela, Erasmus+ inatoa kati ya yuro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi, na nauli kwa kufuata umbali. Ujerumani kiwango wanachotaka mwanafunzi aonyeshe kwa mwezi ni yuro 992, yaani 11,904 kwa mwaka, na asiye na ufadhili anaziweka kwenye akaunti maalumu iliyofungwa wanayoiita Sperrkonto. Mwenye barua ya ufadhili anaipeleka barua, lakini piga hesabu mwenyewe, kiasi cha barua kikiwa chini ya kiwango unaweza kuulizwa pengo unalizibaje, uwe na jibu na karatasi yake. Pia hela ya kwanza mara nyingi haikusubiri uwanja wa ndege, inaingia ukishafungua akaunti kule, na wakati huo mwenye nyumba anataka kodi na dhamana, chuo kinataka mchango wa semista, ambao sio ada japo wengi mnaugomea mkidhani ni ada. Bima ya afya ya wanafunzi inazidi yuro 140 kwa mwezi. Ukiondoka hapa na nauli ya basi tu utateseka mwezi wa kwanza.

Ukishahamia kwenye chumba chako una wiki mbili kwenda ofisi ya serikali ya mtaa wa kule kujiandikisha makazi, ukiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Usidhani ni kama kuripoti kwa mjumbe ukipata nafasi, faini yake inaweza kufika yuro 1,000, na bila ile karatasi ya usajili benki na kibali cha kuishi vyote vinakwama. Baadaye itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama hamna televisheni. Sio utapeli. Mnaishi watatu, mgawane. Tuna mwanafunzi aliitupa barua hiyo mara tatu akidhani ni tangazo, deni likapanda na nyongeza zake.

Fomu zinapokelewa kwetu Jumatatu hadi Alhamisi, saa tatu mpaka saa nane. Njoo na mkataba wa masomo uliosainiwa na idara, maelezo ya masomo yaliyochapishwa, transkripti ya muda, na kopi ya pasipoti au risiti ya maombi ya pasipoti. Mkuu wa idara akiwa safarini kaimu wake anasaini, ila mhuri uwe wa idara sio wa kitivo, mwaka jana fomu nne zilirudi kwa sababu hiyo tu na mmoja wao dirisha likamfungia.