Kobe wa mabaki ya vitenge: mviringo wake unatoka kwenye mkasi

Watu wengi wakishona mdoli wa kitambaa wakaona umekaa bapa wanaongeza pamba, wanajaza wanajaza mpaka mshono unaanza kuachia na bado mdoli uko vile vile. Jamani, pamba haiwezi kuleta umbo ambalo mkasi haujalikata. Na mnyama mzuri wa kujifunzia hili ni kobe, mana mgongo wake wenyewe umegawanyika vipande vipande, na vipande ndo tunavyo tele huku kwenye vyumba vya cherehani.

Gamba nalifanya hivi: pembetano moja katikati, pembesita tano kuizunguka, na kila upande uwe na urefu ule ule, mimi napenda sm 3. Kwanini katikati isiwe pembesita? Kwa sababu kona ya pembesita ni nyuzi 120, zikikutana kona tatu zinatimia 360 na kitambaa kinalala bapa kabisa. Kona ya pembetano ni nyuzi 108, jumlisha na 120 mbili unapata 348, yaani nyuzi 12 zimepungua, basi kitambaa hakina pa kwenda zaidi ya kunyanyuka juu. Ndo hesabu ya ule mpira wa zamani wenye vipande 12 vyeusi vya pembetano na 20 vyeupe vya pembesita. Hapo hujatia hata pamba, na gamba limeshasimama lenyewe mezani, mimi mpaka leo napenda kuliangalia likifika hapo.

Vipimo vya kukatia chora kwenye boksi gumu, azima mkebe wa hesabu wa mtoto wa shule. Pembesita: piga duara lenye nusu kipenyo sm 3, alafu bila kubadilisha bikari izungushe kwenye mstari wa duara, inaingia mara sita kamili. Pembetano: duara la nusu kipenyo sm 2.55, gawa kwa kipimapembe kila nyuzi 72. Huo ni mstari wa mshono, kwahiyo unapokata kitambaa ongeza milimita 7 pande zote. Vipande vifue na uvipige pasi kwanza, kitenge kipya kina wanga na kinasinyaa, na ukichanganya kipya na kilichokwisha fuliwa gamba litakuja kukunjamana likishaguswa na maji. Kanga ni nyepesi, ishonee kitambaa kingine kwa chini.

Sasa kushona. Anza na uishie pale pale kwenye kona ya mstari, usiingie kwenye zile milimita 7 za pembeni, mana ukiingia hata nyuzi mbili tu za kitambaa kona inavuta na gamba linafanya kikunyo ambacho pasi haiondoi. Zungushia kwanza pembesita zote tano kwenye pembetano, ndo ufunge mbavu kati ya moja na nyingine. Mkono au cherehani sawa tu, ila hatua iwe fupi, milimita 2 hivi.

Ukingo utakuwa na meno, uzungushie mkasi uwe duara, ligeuze gamba juu ya kipande cha jinzi uchore tumbo. Miguu, kichwa na mkia shona mapema, jaza, vibane kati ya gamba na tumbo vikiangalia ndani, shona mzunguko wote ukiacha tundu la vidole vitatu nyuma. Geuza.

Kujaza: chini kabisa weka vitambaa vilivyokatwakatwa vidogo saizi ya kucha, vina uzito na kobe atakaa vizuri, juu weka pamba ya mito. Sufi ni nyepesi na inapendeza mkononi ila inapenya kwenye mshono na ukifua inajikusanya mabonge, kwahiyo mimi naitia kwenye kifuko chake ndani.

Macho yadarizi kwa uzi. Vifungo na shanga kwa mtoto wa chini ya miaka 3 hapana, hata kama umeshonea kwa uzi wa viatu, vinang'oka na vinakaba koo. Na kichanga asilale naye kitandani. Ukishaziba tundu vuta kila mguu kwa nguvu zako zote, ukisikia uzi unalia fumua hapo urudie.